Kinachonuka ni Nyumba Tupu

Hadithi, hadithi! Hadithi njoo.

Hapo zamani, lakini si zamani sana, kwa kuwa kangomba, ule ununuzi wa korosho kwa bakuli la kupunja, ilikuwa imekwisha kuvumbuliwa na haya ilikuwa imekwisha kusahauliwa, wanyama wa Lulindi walikuwa na kisima. Ukisimama ukingoni ukatazama linakotoka jua, unauona uwanda wa Makonde umelala kwa mbali kama mgongo wa nyati aliyeshiba. Ukigeuka nyuma kuna vilima vya mawe vya Masasi, kila kimoja kimesimama peke yake kama wazee walionuniana. Huko juu uwandani maji yamekuwa shida vizazi na vizazi. Mtu wa Newala huujua uzito wa ndoo kichwani kabla hajaujua uzito wa shilingi mfukoni. Kwa hiyo kisima hakikuwa jambo la mzaha, hata kwa Fisi, anayefanyia mzaha kila kitu.

Ndani ya kisima waliishi kina Mama Maji, wengi kuliko mchanga wa Ruvuma. Kila mmoja alikuwa na watoto wawili, mmoja kuume, mmoja kushoto, akatosheka. Ila walikuwa na desturi yao ya mavazi. Mama aliyemtoa mtoto mmoja akalelewe kwingine alijifunga kanga ya buluu, na viganja vyake vikateleza kama vya mtu aliyetoka kufua. Mama aliyebebeshwa mtoto wa tatu, asiye wake, alijifunga kanga nyekundu, naye akawa mkali: ukimgusa, anawasha. Mpita njia hakuwa na haja ya kuonja maji. Alitazama kanga.

Msimu mmoja mikorosho ilizaa mpaka matawi yakainama. Wanyama wakaokota korosho, wakala mabibo, wakakamua uraka, wakacheza ngoma. Mabibo yaliyosalia yakaachwa yaozee ukingoni mwa kisima, kwa kuwa kila mmoja aliamini kuna mwingine aliyepangiwa kufagia. Mvua za kwanza zikayaburuta hadi majini. Sasa, bibo lililochacha lina tabia moja mbaya: huzaa watoto na kuwatupa. Watoto wasio na mama wakatapakaa kisimani, na kila Mama Maji aliyepita akajikuta ameongezewa wa tatu mgongoni. Kanga nyekundu zikazagaa. Anayekunywa, meno yanakufa ganzi. Anayekunywa mara mbili, kifua kinaungua hadi usiku wa manane.

Mkutano ukaitishwa chini ya mwembe. Ngiri alikuwa mwenyekiti, Kunguru katibu, na Panya mweka hazina, ambaye kwa sababu zinazoeleweka na kila mtu wa Masasi na Newala aliomba asikalishwe karibu na jiko. Baada ya saa nne za hotuba na nusu saa ya ajenda, wakaazimia kwamba atafutwe Mlezi Mkuu wa Kisima: ukoo mmoja utakaopokea watoto wa ziada na kuwalea. Posho yake gunia la korosho daraja la kwanza kila mwezi. Kunguru akaandika tangazo, akalibandika kwenye mwembe. Tangazo lilisema mwombaji awe na nguvu. Halikusema nguvu za nini, wala hakuna aliyeuliza, maana wote walikuwa wanatazama neno posho.

Waombaji wakajitokeza watatu.

Wa kwanza Kicheche. Huyu alikuja na ukoo wa kaya mia mbili na ishirini, na kabla hajafika, harufu yake ilikuwa imekwisha kufika, imesalimia wenyeji na imekaa kitini. Pua zikakunjwa, macho yakatoka machozi. "Mnaona wenyewe," alisema Kicheche, "mimi sihitaji kujieleza." Watu wengi wakaafiki. Kinachochoma pua kiasi hicho hakiwezi kukosa nguvu.

Wa pili Ndezi, na kaya hamsini na nne. Hakuwa na harufu ya kumshinda Kicheche wala maneno ya kumshinda Sungura. Alikaa nyuma akitafuna nyasi.

Wa tatu Fisi. Fisi alikuja na kaya moja tu, yake mwenyewe, ila aliongozana na Sungura, ambaye siku hizo alikuwa ameacha ulaghai wa kawaida akawa mshauri mwelekezi.

Kwa kuwa kisima kikuu kilikuwa kimechafuka, usaili ulifanyika kwenye kisima kidogo cha pembeni, maji safi, kina Mama Maji wametulia na watoto wao wawili wawili. Kila ukoo ulipewa zamu yake uzunguke kisima. Watoto wakaanza kwenda kwa walezi, na wengine wakaanza kurudi kwa mama zao. Baada ya muda mambo yakasawazika. Msinielewe vibaya: kusawazika si kulala. Watoto waliendelea kwenda na kurudi kutwa nzima, lakini kila aliyekwenda alilingana na aliyerudi, kama gari la abiria la Masasi ambalo kila kituo wanashuka watatu na kupanda watatu, na konda anaapa kwamba nafasi bado ipo.

Kunguru akaruka juu, akahesabu. Kwa Kicheche, kaya ishirini zilikuwa na mtoto mgongoni. Mia mbili zilikuwa tupu. Kisimani, kanga za buluu ishirini. Kwa Ndezi, kaya kumi na nane zina watoto, thelathini na sita tupu, kanga za buluu kumi na nane. Kwa Fisi palitokea kioja: kaya ilikuwa moja, na mtoto alilala kwake siku moja, siku ya pili akarudi kwa mama yake, siku ya tatu akaja tena. Kunguru akaandika: nusu.

"Ishirini, kumi na nane, nusu," akasoma Ngiri. "Kicheche ameshinda. Tufunge mkutano, tule."

"Taarifa, Mwenyekiti!" Sungura alikuwa amesimama na karatasi mkononi. "Huyu ana kaya mia mbili na ishirini halafu zimepokea ishirini tu? Hiyo ni asilimia tisa. Mia mbili wamekuja kunywa uraka. Ndezi ni asilimia thelathini na tatu. Mteja wangu, kwa unyenyekevu mkubwa, ni asilimia hamsini."

Kunguru akatoa kikokotoo, neno ambalo wastaafu waliokuwepo hawakulipenda, akabonyeza, akakuta hesabu ni sahihi. Mkutano ukageuka. Fisi akachekwa kidogo, akashangiliwa sana. Lakini Kicheche hakuwa mjinga. Aliwaambia ndugu zake mia mbili na kumi na sita waende zao, akabaki na kaya nne. "Hesabuni tena!" Wakahesabu: mbili zina watoto, mbili tupu. "Nami hamsini!" Ndezi naye akasukumwa na majirani, akabakiza kaya nne: tatu zikawa na watoto. Sabini na tano. Fisi, kuona hivyo, akaomba aruhusiwe kuleta nusu kaya.

Ikawa vurugu. Jana, aliyetaka kuonekana ana nguvu alikusanya ndugu mpaka wa ukoo wa nne. Leo, aliyetaka kuonekana ana nguvu aliwafukuza. Njia zote za kutoka Lulindi zikajaa shangazi waliofukuzwa, mikeka kichwani, wakiuliza wamekosa nini.

Hapo ndipo Mzee Kobe alipotoa kichwa.

Kobe alikuwa na umri ambao hakuna aliyethubutu kuuuliza. Ujana wake aliumaliza chini ya baraza la chumba cha dawa cha hospitali ya misheni ya Lulindi, enzi za Dokta Leader Stirling, Mwingereza aliyefika huku mwaka 1935 na ambaye, miaka mingi baadaye, Mwalimu Nyerere alimfanya Waziri wa Afya. Chini ya baraza lile Kobe aliwasikia wauguzi wakipima, wakipunguza, wakipima tena, na akajifunza kwamba dawa na sumu zinaweza kuwa ndani ya chupa moja, zikatenganishwa na kijiko. Tangu hapo hakuamini kipimo chochote kabla hajauliza kilichopimwa ni nini.

"Mnapima ukubwa wa ukoo," alisema, "kisha mnauita nguvu. Halafu mnapima udogo wa ukoo, huo nao mnauita nguvu. Ni bakuli lilelile la kangomba, mmeligeuza tu kitako juu."

Mtoto wa Digidigi, aliyekuwa na ujasiri wa wasiojua, akauliza: "Mjomba, kwani kwa nini ukoo ukipungua asilimia inapanda? Walezi si ni walewale?"

"Umeuliza la maana, mpwa wangu. Hapa kuna safari mbili. Ya kwanza ni ya mtoto kutoka kisimani kwenda kwa mlezi. Kina mama wako tele, hawaishi. Kinachoamua ni kaya ngapi tupu zinangoja. Kaya tupu zikiwa maradufu, waondokao nao ni maradufu. Safari ya pili ni ya kurudi. Mtoto harudi mwenyewe. Hurudi pale mlezi aliyembeba anapokutana njiani na mama mwenye kanga ya buluu. Macho yanagongana, mtoto analia, mlezi analegea. Haya, walezi wakiwa maradufu na kanga za buluu zikawa maradufu, makutano yataongezeka mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Hesabu tena. Kila mlezi anaweza kukutana na kila mama."

Digidigi akachora mchangani, mistari ikapishana. "Mara nne!"

"Mara nne. Ndiyo maana katika ukoo mkubwa watoto wengi wanarudishwa: njia zimejaa, makutano hayaishi. Katika ukoo mdogo, mlezi anatembea kutwa hajamwona mama hata mmoja, na mtoto anabaki mgongoni. Asilimia hamsini ya Fisi si nguvu ya Fisi. Ni upweke wake."

Fisi akacheka, kisha akaona kwamba hakuna aliyecheka naye.

"Sasa tafuteni kitu kisichojali ukoo ni mkubwa au mdogo," Kobe akaendelea. "Safari ya kwenda inafuata kaya tupu. Safari ya kurudi inafuata walezi waliobeba, mara kanga za buluu. Zikisawazika, chukua walezi, zidisha kwa kanga za buluu, gawanya kwa kaya tupu. Namba utakayopata ndiyo ya ukoo huo. Leteni madaftari."

Wakaanza na Kicheche. Siku ya kaya mia mbili na ishirini: ishirini mara ishirini ni mia nne, gawanya kwa mia mbili, jibu mbili. Siku ya kaya nne: mbili mara mbili ni nne, gawanya kwa mbili, jibu mbili. Kunguru akadhani ni bahati. Wakamwita Kicheche aje na kaya sitini. Kumi zikapokea, hamsini zikabaki tupu. Kumi mara kumi ni mia, gawanya kwa hamsini. Mbili.

Wakaenda kwa Ndezi. Kaya hamsini na nne: kumi na nane mara kumi na nane, mia tatu ishirini na nne, gawanya kwa thelathini na sita, tisa. Kaya nne: tatu mara tatu, tisa, gawanya kwa moja, tisa. Kaya kumi: sita zimepokea, nne tupu, thelathini na sita kwa nne, tisa.

Kwa Fisi, Kobe alitaka ukoo wote. Sungura akasema wengine wako safari, wengine wanaumwa, wengine si fisi halisi. Wakatafutwa, wakapatikana mia mbili na kumi. Waliopokea: kumi tu. Asilimia hamsini ikashuka hadi chini ya tano mbele ya macho ya watu. Kumi mara kumi, mia; gawanya kwa mia mbili, nusu. Na ile kaya moja ya mwanzo? Nusu mara nusu ni robo. Robo gawanya kwa nusu, nusu. Fisi alikuwa nusu akiwa peke yake, na nusu akiwa na kijiji.

Sungura hakukata tamaa. Aliomba Ndezi ahesabiwe alfajiri kwenye umande na Fisi ahesabiwe saa saba mchana. Kweli, namba zikasogea kidogo. "Joto likibadilika, safari zote mbili zinabadilika, tena si kwa kasi moja," alisema Kobe. "Namba hii ni ya kudumu katika joto moja tu. Ukitaka kulinganisha watu wawili, wapime chini ya jua lilelile." Sungura akaandika hilo kwenye karatasi yake kama kwamba amelisema yeye.

Aliyebaki na kinyongo alikuwa Kicheche. "Mbili? Mimi? Na harufu yote hii?"

"Harufu ndiyo inayokushtaki," alisema Kobe. "Nenda kwenye kaya zako ishirini zenye watoto, kanuse. Hazinuki. Mlezi aliyebeba mtoto ametulia majini, hapeperuki. Zinazonuka ni zile mia mbili ambazo hazijapokea. Ulichokuwa unatutangazia kwa fahari ni nyumba tupu. Muulize mwanamke yeyote anayepika samaki kwa nini anakamulia ndimu. Ndimu ina watoto wa kutosha. Samaki akishawapokea, ile shombo inakaa kimya."

Wanawake waliokuwepo wakatikisa vichwa. Walikuwa wakilijua jambo hilo tangu zamani, ila hakuna aliyewahi kuwaalika kwenye kamati.

"Na huyu Ndezi," akauliza Digidigi, "tisa yake ameitoa wapi? Mbona anafanana na Kicheche?"

"Ni ndugu. Tofauti ni shemeji. Mbele ya nyumba ya kila mlezi kuna mkono ulionyooshwa kumpokea mtoto. Ndezi ana shemeji aliyesimama nyuma yake, anamsukuma bega, mkono unafika mbali zaidi. Hata hivyo usifikiri mashemeji wakiongezeka ndiyo nguvu inaongezeka bila kikomo. Namjua mmoja wa ukoo huohuo ana mashemeji watatu. Wote wamesimama mlangoni, kina Mama Maji hawapati pa kukaa wamshike mkono, na nguvu yake imeshuka chini ya Ndezi, ingawa bado yuko juu ya Kicheche. Ndiye huyo mwenye shombo ya samaki."

Kisha Kobe akawatajia majina yao ya darasani, yale aliyoyasikia chini ya baraza. Wote watatu ni besi dhaifu. Kicheche huitwa amonia, Ndezi methilamini, yule wa mashemeji watatu trimethilamini, na Fisi baikaboneti, ambayo jikoni ni soda ya kuokea maandazi. Ile namba ya kudumu huitwa konstanti ya uionishaji. Na hapa mimi msimulizi nikiri dhambi yangu: nimezichonga namba za hekaya ili Kobe aweze kuzihesabu kwa makucha. Zenyewe, katika nyuzi joto 25, ni hizi: methilamini 0.00044, trimethilamini 0.000064, amonia 0.000018, baikaboneti kama 0.000000023. Tazama sifuri. Methilamini inaishinda amonia zaidi ya mara 20, na amonia inaishinda baikaboneti karibu mara 800. Lakini amonia nzito kwenye ndoo inaweza kuleta kanga za buluu nyingi kuliko methilamini iliyozimuliwa, na mwanafunzi anayetazama rangi peke yake atampa Kicheche taji. Mtihani wa kidato cha sita umewala wengi hapo.

Turudi Lulindi.

Uamuzi ukawa wazi: tisa, mbili, nusu. Ndezi akatangazwa Mlezi Mkuu. Akavishwa kitenge, akapewa gunia la kwanza, na Panya akatia sahihi kwa mkono unaotetemeka. Sherehe ikafuata, na kwa kuwa wanyama wa Lulindi hawajifunzi haraka, sherehe ilikuwa ya mabibo. Usiku huo kamati nzima ikapatwa na kiungulia. Matumboni mwao kulikuwa na kanga nyekundu tupu.

"Mwiteni Mlezi Mkuu!" akapiga kelele Ngiri. "Si ndiyo kazi aliyoajiriwa?"

Ndezi akaingia na kaya zake zote. Alifanya kazi kama alivyoahidi. Kila mtoto wa ziada akachukuliwa, kanga nyekundu zikakunjwa, na kwa dakika chache Ngiri alipumua. Ila Ndezi bado alikuwa na kaya tupu, na shemeji bado alikuwa anasukuma. Watoto wa ziada walipokwisha, akaanza kuwachukua wa kina mama waliokuwa na wawili wao, wasiolalamika, wasiohitaji msaada. Kanga za buluu zikaenea kooni. Koo likateleza, kisha likaanza kuchubuka. Ngiri, aliyelia kwa kuungua na uchachu, sasa akalia kwa kuungua na dawa ya uchachu.

Ndezi akatolewa. Kicheche akajaribiwa, mwanzo ulikuwa afadhali, lakini alipoishiwa watoto wa ziada naye hakujua pa kukomea, na ile harufu ikawatapisha waliokuwa hawajaugua. Alfajiri, kwa kukata tamaa, wakamwamsha Fisi.

Fisi aliingia akiwa amechoka, bila Sungura. Akawakuta mama wenye watoto watatu watatu, wamelemewa. Akapokea. Kila alipopokea alicheka, na kila alipocheka mgonjwa alibeua, na kila alipobeua kifua kilipungua moto. Watoto wa ziada walipokwisha, Fisi aliwatazama kina mama waliobaki na wawili wao, mkono wake dhaifu ukanyooka kidogo, ukaanguka. Hakuwa na nguvu za kuwanyang'anya. Akakaa chini. Kanga za buluu zilikuwa chache mno hata Kunguru hakuzitia daftarini. Ngiri akalala usingizi wa mtoto.

Asubuhi mkutano ukakaa, macho mekundu, makoo yamevimba. Ngiri akamgeukia Kobe kwa hasira. "Mzee, wewe ndiye uliyetuletea hesabu. Ulijua kwamba anayefaa ni wa nusu. Kwa nini ulimwacha wa tisa achaguliwe?"

"Tangazo lenu lilitaka mwenye nguvu," alisema Kobe. "Mliniuliza nani ana nguvu, nikawajibu, na jibu lile bado ni kweli. Nguvu za nini, hamkuniuliza. Pale hospitali palikuwa na kwinini. Nayo ni besi dhaifu. Ilipunguza homa za malaria za wengi, na baadaye ikaja nduguye klorokwini, iliyokuwa tegemeo la nchi hadi vimelea vilipoizoea na serikali ikaiweka kando mwaka 2001. Mnajua ilivyofanya kazi? Kimelea cha malaria hujificha ndani ya chembe nyekundu za damu, na humo ana chumba chake chenye uchachu. Kuta za kufika huko hazimpitishi kirahisi mlezi aliyebeba mtoto. Anayepenya ni yule ambaye kuna wakati mikono yake iko mitupu. Dawa ile ilipita mikono mitupu, ikafika chumbani, ikabebeshwa watoto wa uchachu, ikashindwa kutoka, ikajazana humo hadi mwizi akasumika ndani ya nyumba yake mwenyewe. Ingekuwa na nguvu za kushika bila kuachia, ingeishia mlangoni."

Kimya kikatanda. Kisha Fisi akasema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake: "Kwa hiyo siku ya usaili, ningesema tu kwamba mimi ni nusu..."

"Ungekuwa na gunia lako nyumbani," alisema Kobe.

Ngiri akagonga meza. Lulindi haiwezi kurudia kosa. Tangazo la zamani likachanwa, Kunguru akaandika jipya kwa herufi kubwa: ANATAKIWA MLEZI MKUU WA KISIMA, AWE DHAIFU. Posho ileile.

Kabla wino haujakauka, Sungura alikuwa amesimama chini ya mwembe na karatasi mpya, mteja wake safari hii akiwa Kicheche. Alikuwa amekumbuka kwamba ukoo ukiwa mkubwa asilimia hushuka. Jioni ile njia za Lulindi zilijaa tena. Wale shangazi wote waliofukuzwa walikuwa wanarudi, mikeka kichwani, wameitwa kwa haraka na kwa mapenzi makubwa, kaya mia mbili, mia tatu, mia tano, ili ukoo wa Kicheche uonekane dhaifu kuliko wa Fisi. Harufu ilitangulia, ikasalimia wenyeji, ikakaa kitini.

Kunguru akatafuta kikokotoo. Kobe akaingiza kichwa ndani.